Kiti kisicho na bei: funzo la Forodhani kwa wanaochora viwanja vya mji

Saa 10 alasiri jua la Unguja huwa bado kali, lakini vijana wa makachu pale Forodhani hawana habari nalo. Mmoja anarudi nyuma hatua kumi hivi, anakimbia pekupeku juu ya mawe, anajirusha kutoka ukutani, anajikunja hewani, kisha bahari inampokea kwa kishindo. Wanaomshangilia wamekaa kwenye ukuta huohuo: mama na watoto wake watatu, mzee wa kofia ya viua, watalii wawili na kamera zao, hamali aliyeegesha rikwama yake akapata kupunga upepo. Jua likiteremka, wauzaji wataanza kupanga meza zao: mishikaki, pweza, kachori, urojo, maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Mwenye fedha atakula. Asiye nazo ataendelea kukaa palepale alipokaa, na hakuna atakayemwondoa.

Jambo hilo dogo, la mtu kukaa mahali pazuri bila kuulizwa amenunua nini, ndilo gumu kuliko yote katika kazi ya kubuni uwanja wa umma. Nguzo huchorwa, taa huagizwa, mawe huchongwa. Kiti kisicho na bei hakiagizwi kiwandani. Hicho ni uamuzi, na kila mwaka hujitokeza mtu mwenye hesabu nzuri mkononi akitaka uamuzi huo utenguliwe.

Suala la kujenga uwanja wa kisasa na nyumba ya utamaduni ndani ya mji wa kale limewashughulisha wasanifu majengo wa kila bara. Kwetu sisi linakuja na anwani kamili. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mbele yake, kando ya bahari, kuna bustani ya Forodhani. Nyuma ya bustani kuna Ngome Kongwe. Ubavuni mwa ngome ndipo ilipo Beit al-Ajaib, jumba ambalo uso wake uliporomoka mwaka 2020. Bustani, ngome na jumba vimepakana kiasi kwamba mtu anaweza kuvizunguka vyote kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Eneo la namna hii halichorwi kabla ya kusomwa.

Gati lililogeuka bustani

Jina Forodhani linajieleza lenyewe. Hapa ndipo mizigo ilipokuwa ikishushwa na ushuru kutozwa, kabla bandari mpya haijajengwa Malindi katika miaka ya 1920. Shughuli zilipohama, ukabaki uwazi mbele ya majumba ya kifalme, na mwaka 1936 uwazi huo ukafanywa bustani kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, aliyeketi kwenye kiti cha enzi tangu 1911. Wakubwa wakaiita bustani ya Jubilei. Watu wakaendelea kusema Forodhani, na jina la watu ndilo lililobaki.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 bustani ilikuwa imechoka. Ukuta wa bahari ulikuwa umeliwa na mawimbi, nyasi zimeisha kwa kukanyagwa, masika yakiingia maji yanatuama, na usiku ukiingia mwanga mkubwa ni wa karabai za wauza vyakula. Januari 2008 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulianza kuijenga upya kwa makubaliano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na mwishoni mwa Julai 2009 ikafunguliwa tena. Waliokuja siku za mwanzo waliona taa mpya, vijia vilivyotandikwa mawe, bustani ya maua, mahali pa watoto kuchezea na eneo walilotengewa wauza vyakula.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa ile isiyopigwa picha. Ukuta wa bahari uliimarishwa, mitaro ya maji ya mvua na mabomba ya maji machafu yakapangwa upya, nyaya za umeme zikafukiwa. Hilo ni funzo la kwanza kwa kila halmashauri inayotaka uwanja wa kujivunia. Mji wa kale wa pwani hupokea maji kutoka pande tatu: ya mvua kutoka juu, ya chumvi kutoka baharini, na machafu kutoka majumbani. Uwanja ukitandikwa marumaru kabla maji hayo hayajatafutiwa njia, masika mawili yanatosha kuung'oa. Fedha za uwanja mzuri nyingi huzikwa ardhini, na kiongozi atakayekata utepe lazima akubali kwamba sehemu bora ya alichojenga haitaonekana.

Baraza ndiyo mama wa uwanja

Wasanifu wanaofika Mji Mkongwe kwa mara ya kwanza hutafuta uwanja mkuu, ule wa katikati wenye sanamu na chemchemi, wasiuone. Mji huu haukukusanya watu wake mahali pamoja. Uliwagawa mlango kwa mlango. Kila nyumba yenye nafasi ilijengewa baraza, benchi la mawe na chokaa lililoshikana na ukuta, kimo cha goti, kulia na kushoto kwa mlango. Mwenye nyumba akapokea wageni bila kuwaingiza ndani kwa familia. Mpita njia akapata pa kutua mzigo. Mvua kubwa ikinyesha na uchochoro ukageuka mto, watu wakapita juu ya mabaraza kana kwamba ni daraja.

Tazama hesabu iliyomo ndani ya kitu hicho kimoja. Ni kiti, ni sebule, ni njia ya miguu, na hakikumgharimu mpita njia hata senti. Kimewekwa upande wa kivuli wa uchochoro, na uchochoro wenyewe ni mwembamba kwa makusudi, ili kuta za upande mmoja zilifunike jua la upande wa pili. Aliyejenga hakwenda chuo cha usanifu, lakini alijua kwamba mtu wa nchi ya joto haketi mahali kwa sababu ni pazuri kutazama. Huketi kwa sababu pana kivuli, pana upepo na pana mwenzake.

Anayetaka kuona mabaraza yakikutana na kuwa uwanja na aende Sokomuhogo, kwenye njia panda ambayo watu wameipa jina la filamu ya papa ya Marekani na kuiita Jaws Corner. Hapapiti upana wa ukumbi mmoja wa harusi. Muuza kahawa amekaa na dele lake juu ya mkaa, finjani ndani ya maji, kashata kwenye sahani. Upande huu wanacheza dhumna, upande ule bao, na katikati siasa inapikwa mpaka inaungua. Hakuna kamati iliyobuni Jaws Corner. Lakini ukipima kilichomo, utakuta vitu vilevile: kivuli, pa kukaa, kinywaji cha bei ndogo, na sababu ya kurudi kesho.

Lamu nayo ina fundisho lake. Mbele ya ngome ya mji huo, iliyokamilika mwaka 1821, kuna uwanja unaoitwa Mkunguni, na jina limetokana na mikungu iliyotia kivuli pale. Ngome ilikuwa jela mpaka 1984, kisha ikageuzwa makumbusho na mahali pa shughuli za jamii. Jela ilipoondoka, uwanja haukuhitaji kuzinduliwa, kwani wazee walikuwa tayari wamekaa chini ya miti. Jengo ndilo lililowafuata watu.

Sasa linganisha na michoro mingi ya viwanja vya kisasa tunayoonyeshwa siku hizi: eneo kubwa jeupe la mawe yaliyosuguliwa, miti minne iliyopandwa ndani ya vyungu, benchi refu la chuma lisilo na mgongo. Mchoro wa namna hiyo umezaliwa katika nchi ambazo watu hutoka nje kulitafuta jua. Huku kwetu tunatoka nje kulikimbia. Ukitandika mawe meupe ekari moja bila kivuli katika mji wa pwani ya ikweta, hujabuni uwanja, umebuni tawa la chapati. Saa 6 mchana hatakuwapo mtu, na baada ya mwaka mmoja atatokea ofisa wa kusema kwamba wananchi hawautumii, bora ukodishwe kwa maegesho ya magari.

Wanawake wanakaa wapi?

Baraza lina upungufu mmoja mkubwa, na si haki kulisifu bila kuutaja. Lilikuwa la wanaume. Wanawake wa Mji Mkongwe walijengewa mji mwingine juu ya huu tunaouona: madari yaliyozungukwa kuta, na wikio, chumba au njia ya juu inayovuka uchochoro kutoka nyumba hadi nyumba, mtu akamtembelea jirani bila kukanyaga barabara. Hata Beit al-Ajaib ilipojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said, iliunganishwa na majumba jirani kwa njia za juu zilizoezekwa, ili wanawake wa ukoo wa kifalme wapite bila kuonekana.

Mji umebadilika, na Forodhani ndipo mabadiliko hayo yanapoonekana wazi kuliko mahali pengine. Baada ya swala ya Magharibi huja familia nzima: bibi, mama, wifi, watoto, kitambaa cha kutandika, chupa ya chai. Wasichana wa vyuo huja makundi kwa makundi. Kwa nini pale na si Jaws Corner? Kwa sababu pale pana mwanga, pana nafasi ya kukaa duara bila kumpa mgeni mgongo wala uso, pana watu wengi kiasi kwamba hakuna anayemkodolea mwenzake macho, na mtoto akikimbia anaonekana.

Hayo yote ni mambo ya usanifu, ingawa hayatajwi katika hotuba. Taa ikiwekwa juu ya mlingoti mrefu huangaza vichwa vya watu na kuacha nyuso gizani. Ikishushwa, uso unaonekana na mwanamke anajua ni nani anayemkaribia. Benchi lililonyooka huwafaa wapenzi wawili na mlinzi wa usiku. Familia ya watu wanane huhitaji kona. Choo safi chenye maji ndicho kinachoamua kama mama mwenye mtoto mchanga atakaa saa moja au dakika kumi. Na kwa kuwa adhana ya Magharibi huadhiniwa hasa pale umati unapoanza kujaa, uwanja usio na bomba la kutawadhia na sehemu ya kusalia, ya wanaume na ya wanawake, unawafukuza watu wake kwa saa nzima.

Barghash alilielewa suala la maji kuliko wengi waliomfuata. Ndiye aliyeleta maji ya mabomba mjini kutoka chemchemi za nje ya mji, na Hamamni, mtaa unaoitwa kwa jina la mabafu ya umma aliyoyajenga, bado unamkumbuka kwa hilo. Mji wa karne ya 19 ulikuwa na mahali pa umma pa kuoga. Itakuwa aibu mji wa karne ya 21 ukose bomba la kunywea.

Jumba lililoanguka na ngome iliyosimama

Uwanja peke yake hautoshi. Watu wakishakaa, wanataka cha kutazama, cha kusikiliza na cha kuwafundisha watoto. Hapo ndipo nyumba ya utamaduni inapoingia, na hapo ndipo Forodhani ina mifano miwili inayotazamana, mmoja wa huzuni na mmoja wa faraja.

Beit al-Ajaib lilikuwa jengo la kisasa kupita kiasi kwa wakati wake. Nyumba za kawaida za mji zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri haizidi sana mita 3, vyumba vilikuwa vyembamba na virefu. Barghash alitaka kumbi pana, kwa hiyo akaleta nguzo za chuma kutoka ng'ambo na kulizungushia jumba veranda za ghorofa tatu. Linatajwa kuwa jengo la kwanza Zanzibar kupata umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga mabomu eneo la majumba ya kifalme kwa muda usiofika saa moja. Jumba la jirani likabomoka, mnara uliosimama mbele ukaanguka, Beit al-Ajaib likabaki.

Likawa ofisi za serikali ya kikoloni, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likafunguliwa kuwa Makumbusho ya Historia na Utamaduni, ndani yake ukiwekwa mtepe, chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba bila msumari. Mwaka 2012 sehemu ya paa ikaanguka na milango ikafungwa. Mafundi walikuwa kazini kulikarabati, kwa msaada wa Oman, tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu ya mbele ilipoporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote tangu shule ya msingi. Miaka minane kati ya paa na ukuta inaonyesha kwamba kuijua si kuitii.

Ngome Kongwe ni kisa tofauti. Ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kutimuliwa Mombasa mwaka 1698, juu ya mabaki ya kanisa la Wareno. Kwa zaidi ya karne tatu imekuwa boma, jela, karakana ya reli ya Bububu, kisha klabu ya wanawake, na katika miaka ya 1990 ikajengewa ndani yake jukwaa la wazi lenye ngazi za kukalia. Ikapata uhai upya. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi limefanyika humo tangu mwishoni mwa miaka hiyo, na tangu 2004 tamasha la muziki la Sauti za Busara limekuwa likiijaza mwezi wa Februari. Marehemu Bi Kidude aliimba pale, na kuta za matumbawe zikairudisha sauti yake vizuri kuliko spika nyingi.

Kwa nini ngome imefaa? Kwa sababu haina karibu kitu chochote ndani. Ina kuta, ina anga, ina nyasi na ina jukwaa. Leo filamu, kesho ngoma, keshokutwa harusi, siku nyingine watoto wa madrasa wakisoma kasida. Nyumba ya utamaduni iliyojaa vyumba vyenye majina mlangoni huchakaa pamoja na majina hayo. Iliyoachiwa ukumbi mtupu na uwanja wa ndani huazimwa na kila kizazi.

Hatua chache kutoka pale, njia ya Mizingani, liko jengo la Zahanati ya Zamani lenye veranda za mbao zilizotobolewa kama shela. Lilianzishwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, likakamilika 1894 yeye akiwa ameshafariki, na kati ya 1990 na 1996 Mfuko wa Aga Khan ukalikarabati kwa ustadi wa kupigiwa mfano na kulifanya kituo cha utamaduni. Mafundi wa chokaa na wa mbao walijifunza kazi upya pale. Lakini muulize kijana wa Kikwajuni au Jang'ombe ameingia humo mara ngapi. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani: utamaduni wa mji huu hukaa zaidi katika vyumba vidogo vya klabu za taarab kama Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ambako watu hufanya mazoezi usiku kwenye viti vya plastiki, feni ikilalamika. Kituo kipya kisichowapa hao ukumbi wa mazoezi na kabati la kufungia fidla na kanuni kitakuwa duka la vinyago lenye jina kubwa.

Kuiga au kutoiga

Wanaochora huuliza: jengo jipya livae nguo gani? J.H. Sinclair, Mwingereza aliyekuwa mtawala na msanifu kwa wakati mmoja, alijibu kwa kuiga. Makumbusho yake ya Beit el Amani, yaliyofunguliwa mwaka 1925, yamejaa kuba na matao kana kwamba yametoka katika hadithi za Alfu Lela Ulela. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi wa dunia huufuata mpaka leo, unajibu kinyume: kilichoongezwa kwenye jengo la kale kioane na la kale, lakini kijulikane kwamba ni kipya, mtu asidanganywe.

Nadhani mjadala huo huchukua muda mwingi kuliko unavyostahili. Barghash hakuiga, alileta chuma kipya akajengea veranda, kwa sababu veranda inaleta upepo. Jengo linaoana na Mji Mkongwe likifuata tabia ya mji, hata kama halikuvaa kanzu yake: lisizidi kimo cha majirani, likae kwenye mstari wa uchochoro, liwe na kivuli mlangoni, limpe mpita njia pa kukalia. Na fundi atumie chokaa pale ukuta wa matumbawe unapotibiwa. Chokaa hupumua na kuutoa unyevu. Saruji huufungia ndani, na chumvi ikaumega ukuta polepole huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Tao la plasta la kupendeza watalii halitaokoa jengo linalouza kila kona yake.

Kuuza ndiyo hatari yenyewe. Mambo Msiige, kando ya bahari upande wa Shangani, palikuwa na uwazi ambao wenyeji waliuzoea. Leo pamesimama hoteli, na Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya ujenzi ule. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, na utalii umewalisha wengi. Lakini methali inasema mwenyeji apone, haisemi apishe. Kila mita ya pwani inayopewa ukuta na mlinzi inaisukuma familia moja zaidi kuelekea Forodhani, mpaka Forodhani nayo itakapoelemewa na mtu apate kisingizio cha kuitoza kiingilio.

Somo kutoka Raha Leo

Kuna nyumba moja ya utamaduni ambayo wasanifu wa leo hawaitembelei, nayo ina somo kubwa. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilijenga Kituo cha Jamii cha Raha Leo huko Ng'ambo, ng'ambo ya mkono wa bahari uliotenganisha mji wa mawe na mji wa udongo. Mchoro ulikuwa wa Ajit Singh wa Idara ya Kazi za Umma. Nia ilikuwa kuwapa Waafrika wa Ng'ambo ukumbi, burudani na elimu, na kuwapoza. Kituo cha redio nacho kikawekwa humo. Wenyewe hawakuulizwa wanataka nini. Januari 1964 yalipofanyika Mapinduzi, ni Raha Leo palipogeuka makao ya wanamapinduzi, na ni kupitia redio ile nchi ilipotangaziwa kwamba utawala umekwisha.

Jengo la umma halina utii kwa aliyelijenga. Huwa la watu wanaolitumia, na watalitumia wapendavyo wao. Mpangaji mwenye busara huanza nao kabla ya kuchora. Jambo hilo lilijaribiwa upande huohuo wa Ng'ambo katika muongo wa 2010, pale idara ya mipango miji ya Zanzibar iliposhirikiana na Jiji la Amsterdam na taasisi ya wasanifu ya huko katika mpango uliopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo. Watu walizunguka mitaani kuorodhesha misikiti, maskani, viwanja vya ngoma, majumba ya sinema, hata miti ambayo wakazi waliitaja kuwa muhimu. Orodha ya miti na maskani ni mwanzo bora wa mchoro kuliko picha ya kompyuta yenye watu weupe wakitembea na mbwa.

Ng'ambo inatukumbusha pia kwamba utamaduni wa Zanzibar haukukaa Mji Mkongwe peke yake. Wengi wanaouendesha mji wa kale kila siku, wapishi, mafundi, wanamuziki, walimu, hulala upande wa pili wa Darajani. Uwanja wa Forodhani ukiwa na mabasi ya kuwarudisha watu Amani na Jang'ombe saa 4 usiku, ni uwanja wa Wazanzibari. Usipokuwa nayo, ni uwanja wa walio karibu na wenye teksi.

Mchoro ukibandikwa, nenda

Beit al-Ajaib likirudi kusimama, litaikabili tena bahari na bustani, na mlango wake mkubwa utakuwa kati ya makachu na Ngome Kongwe. Ghorofa ya chini yenye veranda pana inaweza kuwa baraza kubwa kuliko yote ya mji: pa kusomea wanafunzi mchana, pa mashairi na taarab jioni, kivuli kwa kila mtu. Inaweza pia kuwa mkahawa wenye kamba ya kuwazuia watu mlangoni. Kuta zitakuwa zilezile katika hali zote mbili.

Kwa hiyo, msomaji, iwe ni Unguja, Lamu, Mombasa, Bagamoyo au mji wowote ambako halmashauri itatangaza uwanja mpya na nyumba ya utamaduni, nenda ukautazame mchoro ukibandikwa. Usianze na kuba wala rangi. Uliza maji ya masika yatapita wapi. Uliza kivuli cha saa 6 mchana kiko upande gani, na mti utakaokitoa utakuwa na ukubwa gani mwaka wa kwanza. Uliza choo, bomba la maji, taa, basi la usiku. Uliza nani ataulipia usafi baada ya wafadhili kuondoka. Kisha weka kidole juu ya karatasi na umwombe msanifu akuonyeshe mahali ambapo mama yako, akitoka sokoni na kikapu chake na bila shilingi moja iliyobaki, ataruhusiwa kukaa mpaka achoke mwenyewe. Akikosa kukuonyesha, mwambie arudi akachore tena.